Kinyozi hajinyoi: walimu watafiti wa Isiolo wahitaji mjadala, si pongezi

Ni jambo lisilofichika kwa yeyote anayefuatilia masuala ya elimu nchini kwamba mwalimu wa leo ametwikwa mzigo ambao mwalimu wa zamani hakutwikwa waziwazi. Mwalimu wa zamani alitarajiwa kufundisha, kusahihisha madaftari, kudumisha nidhamu na kuwatayarisha wanafunzi wake kwa mtihani wa taifa. Wa leo anatarajiwa kuyatenda hayo yote na, juu yake, kuichunguza kazi yake mwenyewe: ajiulize kwa nini somo fulani lilimshinda, akusanye ushahidi, ajaribu njia nyingine, kisha apime kama njia hiyo imefaa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, umeuweka uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mtoto anapaswa kuupata. Basi yafaa tuulize: mwalimu anayedaiwa kumfunza mtoto kuwaza kwa kina, yeye mwenyewe huwazia wapi, na huwaza pamoja na nani?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Isiolo. Eneo lake ni kilomita mraba zipatazo 25,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 268,002 pekee. Ukitoka mjini Isiolo ukaelekea Kinna na Garbatulla, au ukaenda hadi Merti karibu na mto Ewaso Nyiro, au ukageukia Oldonyiro upande wa magharibi, utakuta shule zilizotengana kwa masafa marefu. Katika shule kama hizo, mwalimu wa somo fulani aghalabu huwa ni mmoja tu, na mwenzake wa karibu wa somo hilo huenda yuko mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Wanafunzi wake huzungumza nyumbani Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali au Kimeru. Baadhi yao hufuata mifugo kiangazi kinapozidi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo kaskazini mwa Kenya bila mvua ya kutosha. Familia zikahama, na watoto wakahama nazo.

Hakuna kitabu kilichochapishwa Nairobi, seuze London, chenye majibu kamili ya darasa la namna hiyo. Mtu pekee aliye na nafasi ya kulichunguza kila siku ni mwalimu aliyesimama mbele yake. Ndiyo maana utafiti tendaji, yaani ule utafiti anaoufanya mtendakazi juu ya kazi yake mwenyewe ili aiboreshe, haupaswi kuonekana kama anasa ya wasomi wa vyuo vikuu. Kwa mwalimu wa Isiolo, huo ni zana ya kazi kama ilivyo chaki.

Fikra hiyo ina historia. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliandika mwaka 1946, akiwa Marekani, kuhusu utafiti unaokwenda kwa mzunguko: kupanga, kutenda, kuchunguza matokeo, kisha kupanga upya. Mwaka 1975, Lawrence Stenhouse wa Uingereza alishikilia kwamba mtaala ni pendekezo tu ambalo kila mwalimu hana budi kulijaribu darasani mwake, na kwa hiyo mwalimu ni mtafiti kwa hali ya kazi yake. Mwaka 1983, Donald Schön naye akaeleza jinsi watendakazi hodari wanavyotafakari, wakiwa kazini na baada ya kazi. Hapa kwetu, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi uliojulikana kwa jina SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, uliwafunza walimu kanuni ya kupanga, kutenda, kuona na kuboresha. Hivyo walimu wetu si wageni wa jambo hili. Walichokikosa wengi wao ni mtu wa kulifanya naye baada ya semina kwisha.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mwalimu anayetafakari peke yake yumo katika hatari hiyo hiyo. Atajiuliza maswali anayoweza kuyajibu na kuyaacha yale yanayomchoma. Matokeo mabaya atayaeleza kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake: wazazi hawajali, watoto ni wavivu, vitabu havitoshi. Sababu hizo huenda zikawa za kweli. Lakini mradi hakuna anayemhoji, hatajua ni zipi za kweli na ni zipi za kujiliwaza. Tafakuri huwa ya kina pale tu inapokutana na jicho la pili.

Jicho hilo la pili litatoka wapi katika kaunti yenye masafa kama yale? Mtu atajibu upesi kwamba limekwisha kupatikana, kwani kila mwalimu ana simu ya mkononi na kila shule ina kundi lake la WhatsApp. Ni kweli, makundi tunayo tele. Lakini hebu tuyatazame yanafanya nini. Asubuhi huletwa waraka kutoka ofisi ya elimu. Adhuhuri huletwa tangazo la mazishi au harusi, na rambirambi au pongezi zikafuatana mistari ishirini. Jioni huletwa mahubiri, mzaha, au habari isiyo na mwenyewe. Maandalio ya kazi hupitishwa kutoka shule hadi shule bila mtu kuuliza kama yanafaa. Yote hayo yana nafasi yake katika maisha ya watu, na haifai kuyabeza. Ila mtu asituambie kwamba huo ndio mjadala wa kitaaluma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mwalimu wa Gredi ya 4 katika shule ya mbali anaandika kundini: "Wanafunzi wangu hawasemi kitu darasani. Nimechoka." Katika makundi tuliyoyazoea, majibu yatakuwa: "Pole sana mwalimu," "Watoto wa siku hizi ndivyo walivyo," "Jipe moyo, Mungu yupo." Mwalimu huyo atalala akiwa amefarijika, na kesho ataingia darasani kufanya yale yale aliyoyafanya jana.

Sasa tuseme amejibiwa kwa namna nyingine. Mmoja anamwuliza: ni wanafunzi wangapi wasiosema, na ni akina nani? Wa pili anauliza: huwauliza maswali ya aina gani, ya jibu moja au ya kueleza? Wa tatu anauliza: ukishauliza, hungoja kwa muda gani kabla ya kumwita mwingine au kujijibu mwenyewe? Mwalimu hawezi kuyajibu maswali hayo kwa kubahatisha. Inambidi arudi darasani, aiweke simu yake mezani irekodi sauti ya somo moja, kisha aisikilize usiku akiwa na saa mkononi.

Hapo ndipo utafiti unapoanza. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza masomo mengi ya sayansi na kukuta kuwa walimu, kwa wastani, walingoja kwa muda wa sekunde moja hivi baada ya kuuliza swali. Walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Kwa mtoto anayesikia swali kwa Kiingereza, akalitafsiri kwa Kiborana, akalipata jibu, kisha akalitafuta neno la Kiingereza la kulisemea, sekunde moja ni nini? Mwalimu wetu huenda akagundua kuwa ukimya aliouita uzembe ulikuwa ni kazi kubwa ya akili aliyokuwa akiikatiza mwenyewe.

Lakini mjadala ulio mzuri haukomi hapo. Max van Manen wa Kanada aliandika mwaka 1977 kwamba tafakuri ina ngazi tatu. Ya kwanza huuliza kama mbinu imefanya kazi. Ya pili huuliza mbinu hiyo imejengwa juu ya imani gani kuhusu mtoto na kuhusu elimu. Ya tatu huuliza jambo zito zaidi: utaratibu huu unamnufaisha nani, na unamwacha nani nje? Katika mfano wetu, mtu wa nne kundini ataandika: "Katika orodha yako ya wasiosema, wasichana ni wangapi? Waliorudi kutoka malishoni muhula huu ni wangapi? Wanaozungumza lugha ya nyumbani tofauti na ya wenzao wengi ni wangapi?" Maswali hayo hayapendezi. Yanamtoa mwalimu katika suala la sekunde na kumpeleka katika suala la haki. Na hiyo ndiyo maana ya tafakuri ya kina: kuwa tayari kuona kwamba kawaida ya darasa langu, niliyoiona haina kosa, yamkini inamdhulumu mtoto ambaye hawezi kujitetea.

Kuna wasomaji watakaouliza kwa nini maongezi haya yawe ya mtandaoni. Je, si bora walimu wakutane ana kwa ana? Bila shaka kukutana ni bora pale kunapowezekana, na hakuna simu iwezayo kuchukua mahali pa kuingia darasani mwa mwenzako ukamtazama akifundisha. Hata hivyo mjadala wa kuandika una faida tatu ambazo mkutano hauna. Kwanza, humpa mtu muda. Katika mkutano, mwepesi wa kusema hutawala na mzito wa kusema hunyamaza. Katika maandishi, mtu anaweza kulala na swali na kulijibu kesho yake baada ya kipindi. Pili, huacha kumbukumbu. Mwalimu anaweza kurudi kwenye aliyoyaandika mwezi wa Januari akaona alivyobadilika mwezi wa Juni, na kumbukumbu hiyo ni data halisi ya utafiti wake. Tatu, kuandika kwenyewe ni kuwaza. Mtu huweza kusema jambo kwa mdomo bila kulielewa. Lakini akijaribu kuliandika kwa mistari sita ili mtu asiyelijua darasa lake alielewe, pengo la fikra zake litajitokeza mwenyewe.

Wala jambo hili si geni katika Kiswahili. Miaka mingi kabla ya intaneti kufika kwetu, washairi walikuwa wakilumbana katika kurasa za magazeti: wa Mombasa akatoa hoja, wa Lamu au wa Tanga akamjibu kwa bahari na vina vile vile, na wasomaji wakapima hoja za pande zote mbili. Ilikuwa ni heshima kupingwa kwa hoja, na aibu kupingwa kwa matusi. Wafugaji wa Isiolo nao wana utaratibu wao. Kabla ya mifugo kuhamishwa, hutumwa watu kukagua malisho na maji. Wakirudi, wazee wanaosimamia malisho hawawapokei kwa makofi. Huwauliza: mmeona nini, nani mwingine yuko huko, maji yatadumu kwa muda gani, kuna maradhi ya mifugo? Mjumbe akileta taarifa isiyo na ushahidi, kundi zima linaweza kufa njiani. Jamii inayohoji namna hiyo kwa ajili ya ngombe na ngamia haiwezi kushindwa kuhoji kwa ajili ya watoto.

Ipo pia mifano ya walimu wa kaskazini mwa Kenya waliojaribu mjadala wa mbali. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa inayopakana na Isiolo, mradi wa elimu ya juu uitwao BHER ulioanza mwaka 2013 uliwaunganisha walimu wa kambini na wa maeneo jirani na Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na Chuo Kikuu cha York cha Toronto na kile cha British Columbia. Baadhi ya masomo yalifundishwa ana kwa ana na mengine kwa mtandao, na katika baadhi ya kozi za York wanafunzi wa Dadaab na wa Toronto walijadiliana kana kwamba wamo darasa moja. Huko Kakuma, Kaunti ya Turkana, Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia na washirika wake walianzisha mwaka 2016 mpango ulioyaunganisha mambo matatu: mafunzo ya ana kwa ana, walimu kuelekezana wao kwa wao, na ushauri kwa simu ambapo walimu wa kambini waliongea kwa WhatsApp na walimu wenzao wa nchi nyingine.

Mifano hiyo miwili inatufunza jambo moja kubwa: simu peke yake haikutosha popote. Palikuwa na watu waliojuana, ratiba, maswali yaliyopangwa, na mtu wa kuuendesha mjadala. Kundi lisilo na mwendeshaji hurudi upesi kwenye mizaha na rambirambi. Mwendeshaji huyo si lazima awe profesa. Ni mwalimu yeyote mwenye subira, anayejua kuuliza swali kuliko kutoa jibu.

Hata hivyo kipo kikwazo kikubwa zaidi ya ukosefu wa mtandao, nacho ni hofu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwalimu hawezi kulichunguza tatizo lake bila kulifunua, na hatalifunua mbele ya mtu mwenye kalamu ya kumpandisha au kumshusha cheo. Mfumo wa TPAD, ulioletwa na Tume ya Huduma za Walimu mwaka 2016, ulimtaka mwalimu ajipime mwenyewe kisha apimwe na mkubwa wake, na alama ziandikwe. Ni haki ya mwajiri kumpima mwajiriwa, hilo hatulipingi. Lakini kupimwa na kutafakari ni mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Anayepimwa hutafuta ushahidi wa kufaulu kwake. Anayetafakari hutafuta ushahidi wa kushindwa kwake, kwa kuwa humo ndimo mna somo. Mwalimu mkuu na afisa wa elimu wakiwa wote ndani ya kundi lile lile, wakisoma kila neno, nani ataandika kwamba nusu ya darasa lake haikuelewa sehemu za hesabu? Ataandika kwamba somo lilikuwa zuri, na wenzake watampa vidole gumba.

Mfano wa pili wa kosa hilo ulionekana mwaka 2021, Tume ilipozindua mpango wa mafunzo endelevu ya walimu. Wazo lenyewe, kwamba mwalimu asome maisha yake yote ya kazi, lilikuwa jema. Lakini kila mwalimu alitakiwa kulipa Sh6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na masomo yakatolewa na taasisi chache zilizoteuliwa. Vyama vya walimu vikapinga, na mjadala wa taifa ukawa juu ya pesa na vyeti vya kazi. Swali la kama mafunzo hayo yangemsaidia mwalimu wa Garbatulla kulielewa darasa lake likamezwa na kelele hizo. Maendeleo ya mwalimu yakigeuzwa kuwa karatasi ya kuwasilisha, atatafuta karatasi. Yakiwa ni maswali yanayomhusu, atatafuta majibu.

Hatari nyingine inawahusu watoto wenyewe. Utafiti wa darasani hugusa majina, sauti, picha na shida za wanafunzi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Mwalimu anayeirekodi sauti ya somo lake ili aisikilize, hana budi kupata ruhusa, kuifuta akishamaliza, na kutoirusha kundini kamwe. Anapoeleza kisa cha mwanafunzi, jina lake, kijiji chake na alama ya kumtambulisha vibaki nje. Katika kaunti ambayo watu wanajuana kwa ukoo, hata kusema "yule mtoto wa mzee fulani" ni kumwanika.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni ndoto, kwani huduma ya mtandao hukoma kilomita chache kutoka barabara kuu, bando ni ghali, na mwalimu amechoka. Hoja hizo ni nzito. Lakini maandishi matupu hutumia data kidogo mno yakilinganishwa na video zinazorushwa kila siku katika makundi hayo hayo. Mjadala wa kuandika haumlazimu mtu kuwa mtandaoni saa fulani. Aliye Merti anaweza kuandika usiku, na ujumbe ukaondoka siku atakapopata mawimbi. Na kwa yule asiyefikiwa kabisa, muhtasari wa kurasa mbili unaweza kuchapishwa na kupelekwa pamoja na barua nyingine za ofisi. Ama kuhusu uchovu, kinachomchosha mwalimu zaidi ni kurudia kila mwaka kosa asilojua chanzo chake.

Wengine watahofia ugomvi. Isiolo ni kaunti ya jamii nyingi, na imewahi kuona damu ikimwagika kwa sababu ya malisho, maji na siasa. Neno moja la kizembe katika kundi linaweza kuchukuliwa kuwa ni la kabila. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni kanuni. Hoja ipingwe, mtu asiguswe. Kila madai yaje na jambo lililoonekana darasani. Atakayetaja kabila kuwa ndiyo sababu ya mtoto kutoelewa aombwe ushahidi palepale. Kwa hakika, walimu wa jamii mbalimbali wakizoea kupingana kwa ushahidi bila kuvunjiana heshima, watakuwa wamewapa wanafunzi wao somo ambalo kaunti nzima inalihitaji.

Basi nini kifanywe? Kwanza, makundi ya utafiti yawe madogo, ya walimu wanane hadi kumi na wawili kutoka shule mbalimbali wenye somo au gredi moja, nayo yawe mbali na makundi ya matangazo. Pili, kila muhula kundi lichague swali moja tu, na kila wiki mwalimu mmoja alete jambo aliloliona: kazi tano za wanafunzi bila majina, hesabu ya waliojibu, au maelezo ya dakika kumi za somo. Tatu, awepo mtu mmoja aliyepewa kazi ya kupinga, na kazi hiyo izunguke kwa zamu, ili anayepinga aonekane kuwa anatumikia kundi na wala hana kinyongo. Nne, aliyeshauriwa arudi baada ya wiki mbili kueleza kilichotokea. Ushauri usiorudi na matokeo ni porojo. Tano, wenye mamlaka ya kupima walimu wasiwe ndani ya makundi hayo, na lililoandikwa humo lisitumike kamwe kumwadhibu mtu. Ofisi ya elimu iombe muhtasari mwishoni mwa muhula na iridhike nao.

Sita, na hili twalisisitiza, mjadala uendeshwe kwa lugha ambayo mwalimu huwazia. Wengi wetu hutafakari kwa Kiswahili na lugha za mama, kisha tukaandika ripoti kwa Kiingereza cha kuazima chenye maneno makubwa yasiyobeba kitu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha walimu wa Isiolo sokoni na msibani. Hakuna sababu kisiwaunganishe katika utafiti. Hata mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na vyuo vya Afrika kikiwamo Egerton, ulitayarisha vifaa vya kuwafunzia walimu kwa Kiswahili.

Vyuo vya ualimu na vyuo vikuu navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi anapokwenda mazoezi ya kufundisha hutembelewa na mhadhiri mara chache, akapewa alama, akaachwa. Kama angejiunga tangu siku hiyo na kundi la walimu wazoefu, angejifunza mapema kwamba kutojua si aibu katika kazi hii. Na kumbukumbu za mijadala hiyo, zikiwa zimetunzwa vyema na kwa idhini ya wote waliohusika, zikubaliwe kuwa sehemu ya tasnifu ya utafiti tendaji badala ya dodoso zinazonakiliwa mwaka baada ya mwaka.

Januari 2023, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 7, na shule nyingi za msingi zikajikuta na mwalimu mmoja au wawili wa sekondari ya chini waliotakiwa kufundisha masomo ambayo mengine hawakuyasomea. Walimu hao hawakuweza kungoja semina. Maswali waliyokuwa nayo yalikuwa ya Jumatatu asubuhi. Katika kaunti kubwa yenye watu wachache, anayeweza kulijibu swali la mwalimu wa Oldonyiro pengine ni mwalimu wa Kinna ambaye hawajapata kuonana, na njia ya kuwakutanisha iko mifukoni mwao wote wawili. Tume, ofisi za elimu na vyama vya walimu viwaachie nafasi ya kuulizana bila hofu, na walimu wenyewe wawe na ujasiri wa kuuliza lile swali ambalo pole na pongezi hazilijibu.